Barabara Si Lami Peke Yake

MNAMO Mei 23, 2023, Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria, akiwa amebakiza siku sita tu kukabidhi madaraka, alifungua rasmi Daraja la Pili la Mto Niger, linalounganisha mji wa Asaba katika Jimbo la Delta na mji wa Onitsha katika Jimbo la Anambra. Daraja lenyewe lina urefu wa kilomita 1.6. Wananchi wa mashariki ya Nigeria walikuwa wameahidiwa daraja hilo kwa miongo mingi, na serikali moja baada ya nyingine, za kijeshi na za kiraia. Daraja la kwanza, lililokamilika mwaka 1965, lilibomolewa sehemu yake wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likatengenezwa, na tangu hapo likabeba peke yake mzigo wa watu na mali baina ya pande mbili za mto ule mkubwa kwa zaidi ya nusu karne.

Kampuni iliyolijenga daraja hilo jipya ni Julius Berger. Jina hilo ni la Kijerumani, lakini hakuna Mnigeria asiyelijua. Kampuni hiyo iliingia Nigeria mwaka 1965 kwa kazi moja tu, yaani kujenga Daraja la Eko mjini Lagos. Ilikuja kwa kazi moja, ikabaki kwa maelfu. Mwaka 1970 iliandikishwa rasmi kuwa kampuni ya Nigeria. Baadaye ilishiriki kujenga Daraja la Third Mainland, lililofunguliwa mwaka 1990, lenye urefu wa karibu kilomita 12 juu ya maji ya Lagos. Ilijenga Ikulu ya Aso Rock, uwanja mkuu wa michezo wa Abuja, na barabara nyingi za mji mkuu huo mpya. Ni vigumu kwa mtu kusafiri Nigeria siku nzima asikanyage lami iliyomwagwa na kampuni hiyo.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuitangaza kampuni hiyo, wala kwa nia ya kuipaka matope. Tunaandika kwa sababu historia ya ujenzi wa Nigeria ni somo kwa kila nchi ya Afrika iliyopata uhuru ikiwa na njia chache za lami, wahandisi wachache zaidi, na kiu kubwa ya maendeleo. Swali linaloikabili Nigeria ndilo linalotukabili sisi sote: Je, mkandarasi anapofunga mizigo yake na kuondoa magreda yake, ni nini kinachobaki mikononi mwa wananchi?

Wapo watakaojibu upesi kwamba inabaki barabara. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi.

Turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda ghafla, na Nigeria ikajikuta na fedha nyingi kuliko ilivyopata kuota. Viongozi wa kijeshi wa wakati ule wakataka kujenga kila kitu kwa mara moja: kambi za jeshi, barabara, nyumba, bandari. Mwaka 1975 serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ilijikuta imeagiza tani zipatazo milioni 20 za saruji kutoka nchi za nje, nyingi kati yake kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi, ilhali bandari ya Lagos ilikuwa na uwezo wa kupokea takriban tani milioni moja tu kwa mwaka. Mamia ya meli yalitia nanga baharini yakisubiri zamu. Saruji iliganda melini. Wenye meli, ambao baadhi yao walileta vyombo vibovu kwa makusudi, walidai fidia ya kucheleweshwa kwa kila siku iliyopita, na Nigeria ikailipa. Wananchi walitozwa kodi ya ujinga wa waagizaji. Julai ya mwaka huo Gowon alipinduliwa, na serikali ya Jenerali Murtala Muhammed ikarithi meli zile pamoja na madeni yake.

Mkasa ule unafundisha jambo moja la wazi. Fedha peke yake hazijengi. Nchi inayonunua bila kupima, inayotia saini bila kuhesabu, na inayoagiza bila kujua uwezo wa bandari yake yenyewe, itatajirisha wauzaji na madalali, na kazi itabaki pale pale.

Lakini haki yatupasa tuseme pia upande wa pili. Nigeria ile ile iliyoaibishwa na saruji leo inajitosheleza kwa saruji, na inauza ziada kwa majirani zake. Viwanda vikubwa, kama kile cha Obajana katika Jimbo la Kogi, vinasaga mawe ya chokaa ya ardhi ya Nigeria. Badiliko hilo halikuja kwa bahati. Lilikuja kwa sababu serikali iliwataka waagizaji wajenge viwanda ndani ya nchi, ikafunga mlango wa uagizaji hatua kwa hatua. Kwa hiyo wanaosema kwamba Mwafrika hawezi wajibiwe kwa mfano huo.

Hali ya lami, kwa bahati mbaya, si hivyo. Katika Jimbo la Ondo, sehemu za Agbabu, kuna lami ya asili ardhini ambayo imejulikana tangu mwanzo wa karne ya 20. Kampuni moja ya kigeni ilichimba visima huko hata kabla ya mwaka 1914. Zaidi ya karne moja imepita. Nigeria, nchi yenye lami ardhini na mafuta baharini, imeendelea kuagiza lami ya barabara zake kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kaduna, kilichofunguliwa mwaka 1980, kilikuwa na mtambo wa kutengeneza lami, tena kwa kutumia mafuta mazito yaliyoagizwa kutoka nje, na mtambo huo nao ukanyamaza. Matokeo yake ni kwamba naira inapoporomoka, kama ilivyoporomoka vibaya tangu Juni 2023, bei ya kila kilomita ya barabara inapanda hata kama hakuna kijiko kimoja cha kifusi kilichoongezwa.

Wananchi wa kaskazini wanaijua habari hiyo kwa machungu. Barabara ya kutoka Abuja kupitia Kaduna na Zaria hadi Kano ina urefu wa kilomita 375. Ndiyo mshipa unaopeleka nafaka, mifugo, na vitunguu kusini, na kuleta mafuta na bidhaa za viwanda kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali iliidhinisha ukarabati wake kwa naira bilioni 155, na kazi akapewa Julius Berger. Baadaye ikaamuliwa kwamba ukarabati hautoshi, barabara ijengwe upya, na gharama ikapandishwa hadi naira bilioni 797. Sehemu za Zaria na Kano zilitangulia kusonga mbele. Ile ya kutoka Abuja hadi Kaduna ikazorota, huku wasafiri wakivumilia mashimo, vumbi, na majambazi waliovizia magari yaliyopunguza mwendo. Novemba 2024, baada ya mabishano marefu kuhusu bei na masharti, Wizara ya Ujenzi ilitoa ilani ya kuvunja mkataba wa sehemu hiyo.

Nani mwenye makosa? Mkandarasi atasema kwamba bei za vifaa zimepanda na malipo yamechelewa. Serikali itasema kwamba mkandarasi amezoea kuamuru bei. Yawezekana kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini kosa la msingi lilifanyika kabla ya greda la kwanza kuwashwa. Barabara ikifanyiwa uchunguzi wa kutosha, ikajulikana matabaka yake ya chini yamechoka kiasi gani na magari ya uzito gani yanapita juu yake, mtu hatii saini ya kukarabati kitu kinachohitaji kujengwa upya. Mkataba unaoongezeka bei mara tano ni mkataba ambao mmoja wa waliouandika hakuwa anajua anachonunua. Na katika mikataba ya namna hii, asiyejua kwa kawaida si muuzaji.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Barabara si lami peke yake. Lami ni ngozi tu. Chini yake kuna matabaka ya kokoto na udongo ulioshindiliwa. Pembeni yake kuna mitaro na makalavati ya kuondoa maji. Nyuma yake kuna mizani ya kupima malori, fungu la fedha la matengenezo, na wahandisi wa serikali wenye ujuzi na ujasiri wa kumwambia mkandarasi kwamba kazi hii haikubaliki, irudie. Kimoja katika hivyo kikikosekana, lami hata iwe nene namna gani itapasuka.

Barabara kuu ya Lagos hadi Ibadan ni shahidi. Ilifunguliwa mwaka 1978, ikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 120, na ilikuwa fahari ya nchi. Lakini reli ya zamani ilipoachwa ife, mizigo yote ya bandari ya Lagos ikahamia barabarani. Malori ya mafuta na makontena yaliyozidishiwa uzito yalipita usiku na mchana. Matengenezo hayakwenda na mzigo. Mwaka 2009 serikali iliikabidhi barabara hiyo kwa kampuni binafsi ili iijenge na kujilipa kwa ushuru wa magari. Miaka ikapita bila kazi ya maana, na Novemba 2012 mkataba ukafutwa. Mwaka 2013 kazi ikagawanywa: Julius Berger wakapewa sehemu ya Lagos hadi Sagamu, na kampuni nyingine, RCC, sehemu ya Sagamu hadi Ibadan. Reli mpya ya Lagos na Ibadan, iliyojengwa na Wachina, ilifunguliwa Juni 2021. Hivyo nchi imelazimika kujenga mara ya pili vitu viwili ambavyo ilikuwa navyo, kwa sababu haikuvitunza vilipokuwa hai. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nigeria imejenga ukuta, na imeujenga kwa fedha za mkopo.

Majengo nayo yanasimulia hadithi hiyo hiyo. Uwanja wa michezo wa Abuja, wenye nafasi ya watu 60,000, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 2003. Ulipofunguliwa ulisifiwa kote barani. Baada ya miaka michache majani ya uwanja yaliharibika, vyumba vikachakaa, na timu ya taifa ikahamishia mechi zake miji mingine. Ilibidi tajiri mmoja, Aliko Dangote, ajitolee kugharimia ukarabati wa uwanja wa taifa. Tunampongeza kwa moyo wake, lakini tunauliza: taifa linalouza mafuta linawezaje kukosa fedha za kumwagilia majani? Mkandarasi alikwisha kukabidhi funguo. Alijenga alichoagizwa. Hakuagizwa kujenga desturi ya kutunza, na desturi hiyo haiwezi kuagizwa kwa zabuni.

Huko Ajaokuta, kando ya Mto Niger, somo ni chungu zaidi. Kiwanda cha chuma kilichobuniwa kwa msaada wa wataalamu wa Urusi ya Kisovieti kilipewa makampuni makubwa ya ujenzi, Julius Berger likiwa mojawapo, yafanye kazi za msingi na majengo. Majengo yalisimama. Barabara za ndani zilitandikwa. Tanuri kuu la kuyeyushia chuma halijawahi kutoa chuma hata siku moja. Wajenzi walilipwa kwa kazi waliyoifanya, na nondo za madaraja ya Nigeria zikaendelea kutegemea chuma cha wengine. Zege bila mpango wa uzalishaji ni kaburi la fedha za umma.

Kuna jambo jingine ambalo gazeti la Chama halina budi kulitaja. Amri ya kuhamishia makao makuu Abuja ilitolewa Februari 1976, na serikali ikahamia huko rasmi Desemba 12, 1991. Uamuzi ule ulikuwa na hekima: kuweka makao makuu katikati ya nchi, mahali ambapo hapakuwa pa Wahausa, Wayoruba wala Waigbo peke yao. Sisi Watanzania, ambao mwaka 1973 tuliamua kuhamia Dodoma kwa sababu zinazofanana na hizo, tunauelewa vizuri. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Walikuwapo Wagbagyi, wakulima na wafinyanzi wa tangu zamani, ambao mashamba yao yaligeuka viwanja, barabara na majumba. Wengi wao waliahidiwa fidia na makazi mapya, na malalamiko yao yameendelea hata baada ya mji kujaa taa. Ramani inapochorwa, mkulima asiwe alama ya kufutwa kwa kifutio. Barabara inayopita juu ya shamba la mtu asiyelipwa imeanza na deni kabla haijaanza na kifusi.

Wala hatuwezi kunyamazia rushwa. Desemba 2013 Bilfinger, kampuni ya Kijerumani ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mwenye hisa mkubwa wa Julius Berger, ilikubali kulipa dola milioni 32 nchini Marekani kumaliza mashtaka ya kuwahonga maofisa wa Nigeria ili kupata kazi ya mabomba ya gesi katika sehemu za mashariki. Walioibiwa kwanza walikuwa wananchi wa Nigeria. Faini ililipwa kwa serikali ya Marekani. Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtoa rushwa ana hatia, lakini hakuna rushwa isiyokuwa na mpokeaji, na mpokeaji ni ndugu yetu aliyekalia kiti tulichompa sisi.

Je, basi, makampuni haya yafukuzwe? Hapana. Hilo ni jibu la hasira. Daraja la Asaba na Onitsha limesimama, na mama anayepeleka bidhaa zake sokoni Onitsha hana haja ya kuuliza jina la mkandarasi. Maelfu ya mafundi wa Kinigeria wamejifunza kazi zao katika kambi za makampuni haya: waunga vyuma, maseremala, waendesha mitambo, wapima ardhi. Kukataa ujuzi kwa sababu umeletwa na mgeni ni upumbavu.

Lakini lipo jibu la pili ambalo nalo ni la hatari, nalo ni la wale wanaosema: tuwaachie wenye kujua, sisi tulipe tu. Hao wamekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Nigeria yenyewe haikukubali jibu hilo moja kwa moja. Kwa amri za mwaka 1972 na 1977 iliyalazimisha makampuni ya kigeni kuuza sehemu ya hisa zao kwa wananchi. Mwaka 1991 hisa za Julius Berger ziliingizwa katika soko la hisa la Lagos. Na kuanzia mwaka 2012 Bilfinger ilipopunguza hisa zake, kampuni hiyo ya Nigeria ilinunua sehemu kubwa ya ofisi ya usanifu na uhandisi iliyokuwa ikiihudumia kutoka Wiesbaden, Ujerumani. Jambo hilo halikupigiwa ngoma, lakini sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko daraja lolote. Kwa miaka mingi mikono ilikuwa Lagos na akili ilikuwa Wiesbaden. Sasa mwenye mikono ameanza kuinunua akili.

Tunasema ameanza, kwa sababu hisa za matajiri wachache wa Lagos si mali ya umma, na kumiliki ofisi si sawa na kuijaza wahandisi wako mwenyewe. Safari ingali ndefu. Hata hivyo mwelekeo ni sahihi, na unastahili kuigwa kwa uangalifu.

Hapa kwetu, Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ni fahari yetu, na limejengwa na makampuni ya China. Tunalifurahia. Lakini baada ya furaha yafaa tujiulize maswali ambayo Nigeria imeyalipia kwa gharama kubwa. Ni wahandisi vijana wangapi wa Kitanzania walioshika michoro ya daraja lile, si kama wasindikizaji bali kama wasanifu? Michoro hiyo imehifadhiwa wapi? Fungu la matengenezo ya mwaka wa kumi limetengwa, au linasubiri nyufa? Na mizani yetu inapima malori, au inapima mifuko ya madereva?

Maoni yetu ni kwamba kila mkataba mkubwa wa ujenzi katika Afrika upimwe kwa mambo manne: kazi yenyewe, ujuzi utakaobaki, matengenezo yatakayofuata, na haki ya wananchi waliohamishwa. Mkataba unaotimiza la kwanza na kusahau matatu mengine ni nusu ya mkataba, hata kama bei yake ni kamili. Viongozi wanaotia saini wapewe wahandisi wa serikali wenye uwezo wa kuhesabu kokoto, na wahandisi hao walindwe wanapokataa kazi mbovu, kwa sababu mhandisi anayeogopa kuhamishwa kwa kusema kweli hana tofauti na mizani iliyoharibika.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nigeria ina mafuta, ina saruji, ina lami ardhini, na ina watu zaidi ya milioni 200. Ikiweza kuunganisha vitu hivyo vinne chini ya uongozi unaopima kabla ya kununua na unaotunza baada ya kujenga, barabara zake zitadumu. Isipoweza, lami itaendelea kumwagwa kila baada ya miaka michache katika mashimo yale yale, na bili itaendelea kupelekwa kwa mwananchi yule yule.